Uvimbe wa tumboni usio saratani: jinsi ya kuupima na kuutoa bila pupa

Uvimbe wa tumboni ambao umekua polepole kwa miaka humpa daktari kitu ambacho utumbo uliojisokota au mimba iliyotunga nje ya kizazi haviwezi kumpa: muda wa kufikiri. Nawaandikia ninyi madaktari vijana na matabibu wa hospitali za wilaya za kanda hii ya kaskazini, Rombo na Same, Simanjiro, Mbulu, Karatu, Ngorongoro, kwa sababu ninyi ndio mnaomshika mgonjwa huyu tumbo kwa mara ya kwanza. Mimi ni daktari wa upasuaji, nafanya kazi Moshi. Mgonjwa akinifikia hajachomwa sindano wala hajafunguliwa, nusu ya kazi imekwisha. Akinifikia na kovu bichi na barua inayosema uvimbe umeshindikana kutolewa, nakuta utumbo umegandamana nao, tabaka zilizokuwa zikiachana vizuri zimeshikana, na mshipa uliokuwa pembeni sasa umefunikwa na kovu. Uvimbe usio saratani una upasuaji mmoja rahisi, nao ni wa kwanza.

Ninaousema hapa ni ule adimu: kifuko cha maji kwenye mesenteri, yaani utando unaoning'iniza utumbo na kupitisha mishipa yake ya damu, uvimbe wa mirija ya limfu, uvimbe wa mafuta au wa neva nyuma kabisa ya tumbo, karibu na figo, uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo, desmoidi, yaani uvimbe mgumu wa tishu za nyuzinyuzi, na ule wa ovari unaokua mpaka mgonjwa haoni miguu yake. Kifuko cha mesenteri vitabu hukikadiria kwa mtu mzima mmoja kati ya 100,000 hadi 250,000 wanaolazwa, na mtoto mmoja kati ya 20,000. Daktari anaweza kustaafu bila kukiona. Ndiyo maana akikutana nacho, mkono wake unatangulia kabla ya kichwa.

Historia kwanza

Wagonjwa hawa huchelewa. Uchagani mara nyingi ni Desemba, watoto wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, ndipo mmoja anamtazama mama yake anavyoinuka kitini na kuuliza: mama, tumbo hili ni la nini? Kufikia hapo huenda ameshachanjwa chale ubavu wa kushoto akiambiwa ni bandama, au ameambiwa ni mimba iliyokwenda mgongoni. Usimkaripie. Chale zina kazi: zinakuonyesha kwamba siku zilipochanjwa, uvimbe ulikuwapo tayari. Uliza zilichanjwa wakati gani, kabla au baada ya mtoto yupi kuzaliwa, na utapata tarehe ya kuaminika kuliko "siku nyingi, daktari".

Kisha uliza haya bila kuruka hata moja. Je, anapata vipindi vya kichwa kuuma ghafla, jasho na moyo kwenda mbio, au amewahi kupimwa presha ikawa juu sana siku moja na ya kawaida siku ya pili? Je, anaishi na mifugo na mbwa boma moja? Amejifungua mara ngapi, na kwa upasuaji mara ngapi? Kuna ndugu aliyefariki kwa saratani ya utumbo akiwa kijana? Anakonda, ana homa za jioni, jasho la usiku? Swali la mwisho linakupeleka kwenye kifua kikuu cha tumbo au saratani ya tezi za limfu, na hapo unatoka nje ya makala hii. La kwanza ndilo linaloweza kuokoa maisha yake mezani, nitalirudia.

Mikono yako

Kabla ya mashine yoyote, mlaze chali, pasha joto mikono yako, na ujaribu kuusogeza uvimbe. Kifuko cha mesenteri husogea kulia na kushoto lakini hukataa kwenda juu na chini, kwa kuwa shina la mesenteri limeshikilia kwa mshazari kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Dalili hii ina jina la Paul Tillaux, daktari wa Ufaransa aliyefanikiwa kukitoa kifuko hicho kwa upasuaji mwaka 1880. Uvimbe wa nyuma ya tumbo hausogei. Wa ini na wa bandama hushuka mgonjwa anapovuta pumzi.

Halafu gonga kwa vidole. Hapa naomba mkae kidogo, kwa sababu nimeona tumbo la ovari likitobolewa kwa kudhaniwa ni maji. Mgonjwa mwenye maji tumboni, akilala chali, utumbo huelea katikati: katikati hulia kama ngoma na mbavuni kuna mlio mzito. Mwenye kifuko kikubwa cha ovari ni kinyume: katikati ni zito, na mbavuni, utumbo uliposukumwa, ndiko kunakolia. Dakika mbili tu, bila gharama.

Mwanaume mwenye uvimbe wa nyuma ya tumbo, mshike korodani zote mbili. Saratani ya korodani husambaa kwenye tezi za huko nyuma, nayo hutibika vizuri kwa dawa. Ni huzuni kubwa kumpasua mtu tumbo wakati jibu lilikuwa sentimita chache chini ya mshipi. Pima pia shingo juu ya mtulinga wa kushoto, na njia ya haja kubwa.

Mtoto ni habari nyingine. Mtoto wa chini ya miaka kumi mwenye uvimbe mgumu tumboni, mhesabu kuwa na saratani ya figo, ya tezi au ya limfu mpaka ithibitike vinginevyo. Usimbonyezebonyeze, usimfuatilie kwa miezi, mpe rufaa wiki hiyohiyo.

Vipimo, kwa mpangilio wake

Kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apimwe mimba, hata kama amekwambia haiwezekani. Wingi wa damu, kundi la damu, kreatinini ya kuonyesha kazi ya figo, virusi vya ukimwi. Kisha ultrasaundi, na usiridhike na majibu yanayosema "uvimbe tumboni". Mwombe mpimaji akujibu: ni maji au ni nyama? Una kuta za ndani? Unatoka wapi? Figo zote mbili zipo, na mkojo unashuka? Ovari zote mbili zimeonekana? Mpimaji akishaonyeshwa unachotafuta hufanya kazi nzuri sana, hata kwa mashine ya zamani.

Kipimo cha CT chenye dawa ya mshipani ndicho kinachoamua njia ya kuingilia. Ndani yake natafuta mambo matatu: mshipa mkuu unaolisha utumbo umepita wapi, mrija wa mkojo umesukumwa upande gani, na kama kuna mafuta. Uvimbe wa mafuta nyuma ya tumbo naomba msiuite lipoma. Chini ya ngozi lipoma ni jambo la kila siku, lakini nyuma ya tumbo uvimbe wa mafuta uhesabike kuwa liposakoma, saratani ya mafuta, mpaka maabara iseme hapana. Anayeingia akidhani ni lipoma huchopoa kipande kwa kipande, na uvimbe hurudi.

Vinavyofanana na uvimbe huu lakini si wenyewe ni vingi huku kwetu. Bandama iliyovimba kwa malaria ya muda mrefu au kichocho. Kifua kikuu. Na zaidi ya yote kifuko cha minyoo ya mbwa, ekinokoka, ambacho katika jamii za wafugaji wa Ngorongoro, Longido na Simanjiro lazima kiwe akilini kila unapoona kifuko cha maji kwenye ini. Ukiona vifuko vidogo ndani ya kikubwa, au utando uliobanduka unaoelea ndani, usitafute ugonjwa mwingine.

Sindano

Usitoboe. Ningeweza kuishia hapo, ila sababu zake zinafaa kujulikana. Kifuko cha minyoo kikivuja, mgonjwa anaweza kupata mzio mkali na presha ikaanguka palepale, na mbegu zikasambaa tumbo zima. Uvimbe wa tezi ya juu ya figo ukichomwa humwaga homoni zinazopandisha presha mpaka mshipa wa kichwani unapasuka. Hemanjioma ya ini, ambayo ni uvimbe wa mishipa ya damu na ndio uvimbe usio saratani unaoonekana zaidi kwenye ini, humwaga damu. Nao kwa kawaida hauhitaji upasuaji wowote, ni kumweleza mgonjwa aende nyumbani kwa amani. Kifuko cha ovari kikiwa na saratani ndani, sindano huitawanya. Na kifuko cha mesenteri kikinyonywa hujaa tena.

Kipimo cha nyama kwa sindano kina mahali pake, hasa kwa uvimbe mgumu wa nyuma ya tumbo, lakini kiamuliwe na wale watakaofanya upasuaji, kifanyike kwa kuongozwa na picha na kwa kupitia mgongoni au ubavuni, si kwa mbele.

Nani abaki, nani apewe rufaa

Kifuko cha ovari kinachosogea, chenye ukuta mwembamba na maji matupu, kwa mama ambaye damu yake ni nzuri, daktari mwenye uzoefu wa wilaya anaweza kukitoa. Kifuko kidogo cha mesenteri vilevile, kama anajua kukata utumbo na kuuunga. Wengine wote waje: KCMC hapa Moshi, ambayo imekuwa hospitali ya rufaa ya kanda hii tangu 1971, au pengine penye CT, mtaalamu wa usingizi na damu ya kutosha. Anayetapika na tumbo limefunga, mwenye maumivu makali ya ghafla au anayevuja damu ndani hana tena ule muda niliousema; huyo anahitaji dripu, mrija wa puani, na gari.

Barua ya rufaa iwe na presha ya siku tatu tofauti. Nasisitiza hili. Presha moja ya 120/80 haituambii kitu kuhusu uvimbe unaotoa homoni kwa vipindi. Tukiushuku, tunapima metanefrini, yaani mabaki ya homoni hizo, kwenye damu au mkojo wa saa 24, na likithibitika, mgonjwa hafiki mezani kabla ya kumeza dawa za kuzuia alfa, yaani za kulegeza mishipa ya damu, kama doksazosini au prazosini, kwa siku saba hadi kumi na nne, pamoja na maji ya kutosha na chumvi. Dawa za kupunguza mbio za moyo kama propranololi huja baadaye. Zikitangulia, mishipa hubana bila kizuizi na presha hupaa. Kwa hiyo mkiwa wilayani, mgonjwa mwenye uvimbe tumboni na mapigo ya kasi, msimwanzishie propranololi ili kumtuliza.

Kabla ya siku yenyewe

Kaa na familia. Uamuzi wa kupasuliwa kwa nadra ni wa mgonjwa peke yake. Yupo mjomba, yupo kaka mkubwa aliyeko Mererani, yupo mzee wa boma ambaye lazima asikie. Waeleze wakiwa pamoja, kwa maneno ya kawaida, kwamba huenda kipande cha utumbo kikakatwa, huenda ovari moja ikaondoka, na mama kijana mwambie wazi kwamba ovari moja inatosha kuzaa. Wahamasishe kuchangia damu mapema. Suala la bima au msamaha wa gharama lipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii siku ya kulazwa, si siku ya kuruhusiwa.

Mwenye kifuko cha minyoo aanze albendazo kabla ya upasuaji, kwa mtu mzima miligramu 400 mara mbili kwa siku, ameze na chakula chenye mafuta ili dawa iingie vizuri mwilini, na aendelee nayo baadaye huku ini na chembe za damu zikipimwa. Ikiwa bandama inaweza kuondolewa, chanjo za nimonia na homa ya uti wa mgongo zitangulie kwa wiki mbili.

Mezani

Mgonjwa mwenye tumbo kubwa sana usimlaze chali moja kwa moja. Uzito wote hukandamiza mshipa unaorudisha damu kutoka miguuni, presha ikashuka kabla hata hujanawa. Meza iinamishwe kidogo kushoto, na sindano za dripu ziwekwe mikononi, si miguuni, maana dawa ya mguuni haitafika kwenye moyo kwa wakati.

Fungua katikati, kwa mpasuo mrefu wa kutosha. Najua wengi mnapenda kovu dogo. Kwa uvimbe usioujua, kovu dogo linakunyima macho. Ingia, simama, usikate kitu. Pitisha mkono kwenye ini, bandama, tumbo la chakula, utumbo mzima, ovari zote mbili. Nyonya maji yoyote yaliyopo uyahifadhi kwa maabara.

Kifuko cha mesenteri, tafuta tabaka kati ya ukuta wake na utando. Likipatikana hubanduka kama ganda la chungwa lililoiva, na mishipa ya utumbo hubaki mahali pake. Lisipopatikana, usilazimishe: funga kwa muda mshipa unaoushuku, tazama rangi ya utumbo, na ukibadilika, kata kipande hicho pamoja na kifuko, uunge. Kwa watu wazima karibu theluthi moja huishia hivyo, na kwa watoto ni zaidi ya nusu, kwa hiyo si kushindwa. Kukitoboa na kukiacha wazi ni njia ya mwisho kabisa.

Kifuko cha ovari kitoke kizima. Mwaka 1809, huko Kentucky nchini Marekani, Ephraim McDowell alimpasua Jane Todd Crawford bila dawa ya usingizi, maana ilikuwa haijagunduliwa, akatoa uvimbe wa ovari wa takriban kilo kumi kwa dakika 25, na mama yule akaishi zaidi ya miaka 30 baadaye. Yeye ilimbidi autoboe kwanza ili aweze kuutoa. Sisi tuna dawa ya usingizi, tuna taa, tuna mpasuo mrefu, hatuna sababu ya kumwaga kilichomo. Unapokaribia kuunyanyua, mwambie mtaalamu wa usingizi kwa sauti: nanyanyua. Nyanyua polepole, subiri, angalia presha, endelea. Tumbo lililokaliwa kwa miaka likiachwa tupu ghafla, damu hujaa mishipa ya utumbo na moyo hubaki na kidogo. Kwa mama kijana ondoa ovari ya upande huo tu na mrija wake, kagua ya pili bila kuikata, kagua kidole tumbo, chukua kipande cha mafuta yanayofunika utumbo.

Uvimbe wa nyuma ya tumbo, tafuta mrija wa mkojo kwanza uuzungushie utepe, ndipo uanze kitu kingine. Wa neva mara nyingi huweza kubanduliwa ndani ya ganda lake bila kuikata neva yenyewe. Kifuko cha minyoo, zungushia shashi zilizolowa maji ya chumvi ya asilimia 20 kabla ya kukigusa, na adrenalini iwe imeshavutwa kwenye bomba. Chumvi hiyo usiimwage ndani ya kifuko kilichoungana na mirija ya nyongo, maana huichoma mirija hiyo.

Desmoidi nimeiacha nyuma kwa makusudi. Hutokea kwenye ukuta wa tumbo kwa kina mama waliojifungua karibuni, wakati mwingine juu ya kovu la upasuaji wa uzazi. Haisambai mwilini, lakini hujipenyeza na hurudi ikikatwa. Zamani tuliikata wote mapema na kwa upana. Sasa mwongozo wa kimataifa ni kuthibitisha kwa kipimo cha nyama, kisha kuifuatilia kwa picha kila baada ya miezi michache, kwa sababu kadhaa husimama au hunywea zenyewe. Ila kama uvimbe wa kovuni unauma kila mwezi pamoja na hedhi, fikiria tishu za kizazi zilizoota kovuni. Huo hukatwa na mama hupona.

Nyama iliyotoka

Hapa ndipo kazi nzuri hupotea. Uvimbe wa kilo sita huwekwa kwenye ndoo, ndugu huuona, picha hupigwa kwa simu, na jioni unatupwa. Bila maabara huwezi kumwambia mgonjwa kwamba si saratani, unakisia tu. Uweke kwenye fomalini ya asilimia 10, yaani sehemu moja ya ile kali kwa tisa za maji, na fomalini iwe mara kumi ya ukubwa wa nyama. Si spiriti, si maji ya chumvi. Uvimbe mnene uchanje upande mmoja ili dawa iingie ndani, kwa kuwa hupenya taratibu sana na katikati huoza kabla haijafika. Weka uzi kwenye ukingo unaokutia wasiwasi na uandike kwenye fomu uzi huo unamaanisha nini. Ndoo ikisafiri na ndugu kwa basi kutoka Loliondo au Orkesumet, ifungwe kwa gundi, iandikwe jina kwenye ndoo yenyewe na si kwenye kifuniko, na fomu iwe kwenye mfuko wa plastiki tofauti.

Baadaye

Usiku wa kwanza hesabu mkojo kila saa na uangalie upumuaji. Mapafu yaliyobanwa muda mrefu huweza kujaa maji yanapofunguka. Tumbo lililolegea lifungwe kwa mkanda mpana. Mama mkwe anajua kufunga khanga kama baada ya uzazi, mwombe afanye, asikaze hadi pumzi ikakatika. Mgonjwa akae kitini kesho yake na atembee.

Majibu ya maabara hufika mgonjwa ameshaondoka. Kwa hiyo andika namba za simu za watu watatu, mmoja wao awe anaishi mjini, na umpe tarehe ya kurudi kabla hajavua nguo za wodi. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa andika kilichotolewa, kilichobaki, na neno "majibu ya nyama yanasubiriwa" kwa herufi kubwa, ili tabibu wa zahanati atakayemwona ajue kuna kitu cha kudai. Kifuko cha mesenteri kilichotoka kizima, ultrasaundi ya miezi sita na ya mwaka inatosha. Kifuko cha minyoo na uvimbe wa mafuta wa nyuma ya tumbo wafuatiliwe kwa miaka, na mwenye uvimbe wa tezi ya juu ya figo apimwe presha na homoni kila mwaka maisha yake yote, nao ndugu zake wa damu waitwe wapimwe.